Kufungua au Kuachilia? Vizuizi vya Usalama vya Mwajiri katika Simu Janja ya Kazi Iliyouzwa Baada ya Kutumika

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna vizuizi vya usalama vinavyowekwa na mwajiri katika simu janja ya kazi vinavyofanya kazi, na njia halali za kuviondoa pindi simu hiyo inapopata mmiliki mwingine. Hoja ya msingi ni kwamba vizuizi vya aina nzito havikai ndani ya simu pekee, bali vinategemea rejista iliyo nje yake, ambayo mwajiri ndiye mwenye mamlaka juu yake. Kwa sababu hiyo, kitenzi “kufungua”, ambacho ndicho hutumika madukani na kwa mafundi, hakielezi ipasavyo kinachotakiwa kufanyika. Makala inapendekeza kitenzi “kuachilia”, na inaonesha kwamba tofauti ya maneno haya mawili ina athari kwa fedha ya mnunuzi, kwa siri za mwajiri na kwa usalama wa data za watafiti.

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa shahada ya umahiri katika isimu ananunua simu janja iliyokwisha kutumika katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam. Simu ni nzuri, bei ni nafuu, na muuzaji anampa namba ya siri ya kuifungulia. Mwanafunzi anavuka kwenda Pemba kukusanya data za lahaja. Kwa muda wa siku kumi anarekodi mahojiano na wazee katika vijiji ambavyo mawasiliano ya intaneti ni hafifu. Anaporudi mjini na simu kuunganishwa na intaneti, inajizima, inajifuta data zote, kisha inawaka na kudai akaunti ya kampuni ambayo mwanafunzi hajawahi kuisikia. Mahojiano yote yamepotea.

Katika mfano huu, si lazima awepo mtu aliyekusudia kumdhuru mwanafunzi. Msimamizi wa mifumo wa kampuni hiyo alikuwa akisafisha orodha ya simu za zamani, akatoa amri ya kuzifuta. Amri ya namna hiyo husubiri katika seva hadi simu inapopata mawasiliano, ndiyo maana haikutekelezwa papo hapo. Kwa mujibu wa rejista ya kampuni, simu ile ilikuwa bado mali yake. Kwa mujibu wa risiti, ilikuwa mali ya mwanafunzi. Tatizo linalojadiliwa katika makala hii limo katika pengo hilo kati ya risiti na rejista.

Simu zilizotumika huingia Afrika Mashariki kutoka masoko ya nje, yakiwemo ya Dubai, Uingereza na Marekani, ambako makampuni hubadilisha simu za wafanyakazi kila baada ya miaka michache. Nyingine hutoka katika ofisi za humu humu nchini. Ni muhimu, kwa hiyo, kueleza jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka na watumiaji, na kwa usahihi unaotosha kuwasaidia watafiti wa TEHAMA, sheria na istilahi.

2.0 Mipaka ya kitenzi “kufungua”

Katika matumizi ya kila siku, mtu akisema “simu imefungwa” anaweza kuwa na maana ya moja kati ya mambo manne yaliyo tofauti kabisa.

La kwanza ni kufuli la skrini, yaani namba ya siri, mchoro au alama ya kidole. Hili huwekwa na mtumiaji mwenyewe, na huondolewa naye.

La pili ni kufuli la mtandao wa simu, ambalo huizuia simu kutumia laini ya kampuni nyingine ya mawasiliano. Kufuli hili huwekwa na kampuni iliyoiuza simu, na kampuni hiyo hiyo ndiyo hutoa idhini ya kuliondoa. Nchini Uingereza, kampuni za mawasiliano zilikatazwa kuuza simu zenye kufuli hili kuanzia Desemba 2021.

La tatu ni kufuli la akaunti binafsi. Apple ililileta katika iOS 7 mwaka 2013, na Google ikaleta kinga inayofanana nalo katika Android 5.1 mwaka 2015. Simu iliyofutwa bila akaunti ya awali kuondolewa hudai nywila ya akaunti hiyo kabla ya kukubali kutumika tena. Lengo la kinga hii ni kumnyima mwizi faida ya wizi wake.

La nne ni usimamizi wa mwajiri. Hapa anayeizuia simu si mtumiaji, si kampuni ya mawasiliano, wala si mwenye akaunti binafsi. Ni taasisi iliyoinunua simu, ikaisajili na kuikabidhi kwa mfanyakazi wake kwa masharti.

Fundi anayesema “nitaifungua” bila kubainisha ni kufuli lipi kati ya haya manne hajasema jambo linaloweza kupimwa. Mnunuzi anayeuliza kama simu “imefunguliwa” anaweza kujibiwa “ndiyo” kwa ukweli mtupu, kwa maana ya kufuli la mtandao, huku usimamizi wa mwajiri ukiwa ungalipo. Utata huu wa maana si suala la kinadharia tu. Katika biashara, hugeuka kuwa hasara.

3.0 Namna vizuizi vya mwajiri vinavyofanya kazi

Usimamizi wa vifaa kwa mbali ulianza kuwekwa katika simu za Apple kupitia iOS 4 mwaka 2010. Samsung ilitangaza jukwaa lake la Knox mwaka 2013, na Google ikaleta mfumo wa Android mahususi kwa kazi za ofisi mwaka 2015. Tangu hapo vizuizi vimekuwa katika ngazi nne, kuanzia nyepesi hadi nzito.

3.1 Masharti yanayoambatana na barua pepe

Mfanyakazi anapoingiza akaunti ya barua pepe ya ofisi, seva ya ofisi inaweza kudai simu iwe na namba ya siri ndefu, ijifunge baada ya dakika chache na hifadhi yake isimbwe kwa siri. Masharti haya yanaishi pamoja na akaunti. Akaunti ikiondolewa, nayo huondoka.

3.2 Wasifu wa kazini

Katika Android, programu na data za ofisi zinaweza kutengwa katika sehemu yake ndani ya simu ambayo ni mali ya mfanyakazi. Mwajiri hutawala sehemu hiyo pekee. Akitoa amri ya kufuta, kinachofutwa ni wasifu wa kazini; picha na ujumbe binafsi wa mfanyakazi hubaki.

3.3 Usimamizi wa kifaa kizima

Hapa simu ni mali ya mwajiri, na programu ya usimamizi hupewa mamlaka juu ya simu yote. Inaweza kuzuia kamera, kuzuia kuhamisha mafaili kwa waya, kuchagua programu zinazoruhusiwa, kuondoa uwezo wa mtumiaji kuirejesha simu katika hali ya kiwandani kupitia mipangilio, na kufuta kila kitu kwa mbali. Katika iPhone, simu iliyo chini ya uangalizi wa namna hii huonesha tangazo juu ya ukurasa wa mipangilio likitaja taasisi inayoisimamia. Simu ya Android nayo huonesha tangazo kama hilo katika skrini ya kufuli au katika mipangilio.

3.4 Usajili wa awali katika seva ya mtengenezaji

Hii ndiyo ngazi nzito kuliko zote, na ndiyo isiyoeleweka na wengi. Mwajiri anaponunua simu kwa wakala aliyeidhinishwa, namba za simu hizo huandikwa katika rejista inayotunzwa na mtengenezaji wa simu au wa mfumo endeshi. Apple ilianzisha utaratibu huu mwaka 2014, na Android ikawa na wake kuanzia mwaka 2017. Samsung inao utaratibu wake chini ya Knox.

Simu mpya, au iliyofutwa, inapowashwa na kuunganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza, huwasiliana na seva ya mtengenezaji na kutaja namba yake ya utambulisho. Seva hutazama rejista. Ikikuta kwamba namba hiyo ni ya taasisi fulani, huiamuru simu ijiunge na usimamizi wa taasisi hiyo kabla mtumiaji hajafika ukurasa wa kwanza. Hivyo basi, kuifuta simu hakuiondoi katika usimamizi. Kuifuta ndiko kunakoifanya iulize upya ni ya nani, na jibu halijabadilika.

4.0 Njia halali za kuondoa vizuizi

Kwa kuwa ngazi zinatofautiana, njia za kuondoa vizuizi nazo hutofautiana. Hatua ya kwanza ni kutambua ngazi. Mmiliki mpya atazame katika mipangilio ya akaunti, katika orodha ya programu zenye mamlaka ya usimamizi wa kifaa, na katika tangazo la taasisi lililotajwa hapo juu. Katika iPhone, wasifu wa usimamizi hupatikana katika sehemu ya mipangilio ya jumla.

Katika ngazi ya barua pepe, inatosha kuondoa akaunti ya ofisi. Ikiwa programu ya barua ilipewa mamlaka ya usimamizi, mamlaka hayo yazimwe kwanza, kisha programu iondolewe. Katika ngazi ya wasifu wa kazini, wasifu hufutwa kupitia mipangilio ya akaunti, na data za ofisi huondoka nao. Mambo haya mawili mfanyakazi mwenyewe anaweza, na kimaadili anapaswa, kuyafanya kabla ya kuiuza simu yake.

Katika ngazi mbili za mwisho, uamuzi hauko mikononi mwa aliyeishika simu. Msimamizi wa mifumo wa taasisi husika ndiye anayetakiwa kufanya mambo matatu kwa mpangilio: kuiondoa simu katika programu ya usimamizi, kuiachilia katika rejista ya mtengenezaji, na kuhakikisha kwamba hakuna akaunti binafsi ya mfanyakazi wa zamani iliyobaki ndani yake. Baada ya hapo simu hurejeshwa katika hali ya kiwandani, na inapowashwa hujitambulisha kwenye seva kama simu isiyo na mwenyewe wa kitaasisi.

Mnunuzi anayejikuta na simu ambayo haijaachiliwa anaweza kuiandikia taasisi inayotajwa kwenye skrini. Barua hiyo itaje namba ya utambulisho ya kifaa yenye tarakimu 15, inayojulikana kama IMEI, ambayo katika simu nyingi huonekana kwa kubonyeza *#06#, pamoja na namba ya utengenezaji. Iambatanishwe nakala ya risiti, na ieleze simu ilinunuliwa lini na kwa nani. Si lazima kuituma simu yenyewe, kwa kuwa msimamizi anaweza kuiachilia akiwa mbali. Ikiwa simu iliuzwa kihalali na taasisi ilisahau tu kuiondoa katika rejista, ombi la namna hiyo lina msingi. Ikiwa simu iliibiwa, taasisi itakataa, na mnunuzi atakuwa amejua ukweli ambao muuzaji alimficha.

Kuna hali moja ya pekee. Simu ya Apple ambayo haikununuliwa kwa wakala bali iliingizwa na taasisi katika rejista kwa mkono huwa na kipindi cha siku 30 ambamo mtumiaji anaweza kujiondoa mwenyewe. Kipindi hicho kikipita, hukumu ni ile ile: mwajiri ndiye anayeachilia.

5.0 Kwa nini njia za mkato hazitatui tatizo

Zipo programu zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa usimamizi wa mwajiri bila idhini yake. Kwa kawaida, kinachofanyika ni kuizuia simu isikamilishe mazungumzo yake na seva, au kuificha programu ya usimamizi. Rejista haiguswi. Mara simu itakapofutwa tena, huenda hata baada ya sasisho kubwa la mfumo, swali litaulizwa upya na jibu litakuwa lile lile. Mnunuzi anakuwa amelipia ahueni ya muda, na pengine ameingiza katika simu yake programu ya mtu asiyemjua, yenye uwezo wa kusoma ujumbe na miamala yake ya fedha.

Wapo pia wanaofikia hatua ya kubadilisha IMEI ili simu isitambulike. Hapa suala linaacha kuwa la kiufundi na kuwa la jinai. Uingereza ilitunga sheria mahususi ya kukataza jambo hilo mwaka 2002. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyoweka msingi wa rejista kuu ya namba za utambulisho wa vifaa vya mawasiliano, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Mwenye simu anaweza kudai kwamba kifaa ni chake. Hata hivyo, data za wateja zilizobaki ndani ya sehemu ya kazi si zake, na umiliki wa simu haumpi haki ya kuzisoma.

Kwa upande wa sheria ya mikataba, mnunuzi hana budi kukumbuka kanuni kwamba muuzaji hawezi kumpa mtu haki kubwa kuliko aliyo nayo mwenyewe. Kanuni hiyo hiyo, hata hivyo, humlinda mnunuzi mwaminifu. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji huchukuliwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza na kwamba mnunuzi ataitumia bidhaa bila kusumbuliwa. Simu ambayo mtu wa tatu anaweza kuifuta wakati wowote ni vigumu kusema kwamba inatimiza ahadi hiyo. Hivyo, mahali pa kwanza pa mnunuzi kupeleka dai lake ni kwa muuzaji, kabla ya kwenda kwa fundi.

6.0 Rejista mbili zisizoonana

Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, na wananchi wengi wakazoea kukagua IMEI kwa kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Zoezi hilo lilijenga tabia njema, lakini pia limeacha dhana potofu kwamba simu iliyothibitishwa kuwa halisi haina dosari nyingine. Rejista ya mamlaka ya mawasiliano hujibu swali moja: je, simu hii ni halisi na inaruhusiwa kutumika katika mtandao? Rejista ya mtengenezaji hujibu swali jingine: je, simu hii ina taasisi inayoisimamia? Simu inaweza kufaulu katika ya kwanza na kushindwa katika ya pili.

Kipimo cha uhakika zaidi kwa mnunuzi ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani mbele ya muuzaji, kuiunganisha na intaneti, na kuifuatilia hadi ukurasa wa kwanza bila kuruka hatua yoyote. Ikifika bila kudai akaunti ya mtu wala ya taasisi, malipo yafanyike. Muuzaji akikataa kuifuta, au akisisitiza isiunganishwe na intaneti wakati wa kuwashwa, kukataa kwake ni jibu tosha. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na hakihitaji utaalamu wala fedha.

7.0 Wajibu wa mwajiri

Ingekuwa dhuluma kumtwisha mnunuzi mzigo wote. Taasisi inayouza simu zake bila kuziachilia hujidhuru yenyewe kwa njia mbili. Kwanza, huendelea kubeba katika rejista yake vifaa visivyo vyake, na siku moja msimamizi asiyejua historia hutoa amri kama ile iliyomfika mwanafunzi wetu. Pili, huenda simu zikatoka na data za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Sheria ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Wajibu huo haukomi pale simu inapotoka mlango wa ofisi kwa mnada.

Kwa simu za kisasa, ambazo hifadhi yake husimbwa kwa siri tangu mwanzo, urejeshaji sahihi wa hali ya kiwandani huharibu ufunguo wa usimbaji, na data zilizobaki huwa hazisomeki. Kinachohitajika, basi, ni utaratibu tu: kila simu inayouzwa au kugawiwa iambatane na hati fupi inayotaja IMEI yake, tarehe ya kufutwa na tarehe ya kuachiliwa katika rejista, na kusainiwa na msimamizi. Vyuo vikuu, ambavyo hununua vifaa kwa fedha za miradi ya utafiti na kuvigawa mradi unapokwisha, vinapaswa kuwa wa kwanza kufanya hivyo.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba vizuizi vya mwajiri si kitu kimoja. Vile vya barua pepe na vya wasifu wa kazini huondolewa na mtumiaji mwenyewe. Vile vya kifaa kizima na vya usajili wa awali huondolewa na mwajiri, kwa kuwa vinategemea rejista iliyo chini ya mamlaka yake. Katika hali hii ya pili, kusema simu “inafunguliwa” ni kuelekeza macho kwenye kifaa, ilhali jambo lenyewe linatendeka kwingine. Kitenzi “kuachilia” kinamtaja mtendaji halisi: anayeachilia ni yule aliyeshika.

Istilahi hii ikizoeleka, mnunuzi atajua kuuliza maswali mawili pale alipokuwa akiuliza moja: simu imefunguliwa kwa mitandao yote, na je, imeachiliwa na aliyekuwa nayo? Mwanafunzi wa mfano wetu aliuliza la kwanza tu. Lau angeliuliza la pili, na kuifuta simu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, angepoteza dakika chache dukani, na sauti za wazee wa Pemba zingefika salama.